Mama Muuguzi Anajibu: "Mtoto hakohoi tena, inhela ya nini?"

Barua za mwezi huu nyingi zimezungumzia kifua cha watoto. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua mama aliyeiandika ana wenzake wengi.

Shikamoo Mama Muuguzi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 6, tunaishi Tanga nyumbani kwa wakwe zangu. Tangu akiwa na miaka 2 kifua kinambana, hasa usiku wa manane na kila akishikwa na mafua. Tulikuwa tukienda tunaambiwa nimonia, tunapewa amoksilini. Mwaka huu daktari amesema ni pumu, akatupa inhela mbili, vile vikopo vya kuvuta dawa kwa mdomo, ya bluu na ya kahawia. Mama mkwe anasema inhela ikishaingia mdomoni haitoki tena, mtoto ataizoea maisha yake yote. Nami nikaona hakohoi tena, ile ya kahawia nikaiweka kabatini. Akibanwa nampa vidonge vya salbutamol kutoka duka la dawa. Je, nafanya sawa?
*Mama wa mtoto mmoja, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Itoe kabatini leo, umpe jioni hii hii kama daktari alivyoandika.

Njia za hewa ndani ya mapafu ya mwanao zimevimba. Zimevimba hata siku anayokimbia uwanjani na kulala usiku mzima bila kukohoa. Uvimbe huo haumuumi, na wewe kwa nje huuoni. Akivuta moshi au akipata mafua, misuli inayozunguka njia hizo inakaza, ute unaongezeka, hewa inapita kwa shida, na hapo ndipo unaposikia kifua kinapiga mluzi. Inhela ya bluu, ambayo ni salbutamol, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, na baada ya saa chache nguvu yake imekwisha. Uvimbe inauacha palepale. Ile ya kahawia, ambayo mara nyingi ni beklometasoni, ndiyo inayoushusha uvimbe, nayo hufanya kazi polepole, siku kwa siku na wiki kwa wiki. Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo soma jina la dawa kabla ya kuondoka kwenye dirisha la dawa.

Hili ndilo ningependa kila mzazi alishike: pumu ya mtoto inatibiwa hasa siku ambazo hana shida yoyote. Mwanao hakohoi kwa sababu dawa imeanza kazi. Ukiiacha, uvimbe unarudi kimyakimya, na utakuja kujua siku amebanwa saa nane za usiku. Kupunguza kunawezekana, na watoto wengi hupunguziwa wakikaa miezi kadhaa bila kubanwa, lakini apunguze daktari akiwa amemsikiliza kifua.

Mama mkwe anaogopa mazoea. Ninaielewa hofu yake, kwa sababu wazee wetu wamewaona watu wakikimbilia inhela ya bluu mara kumi kwa siku. Mtu wa namna hiyo ana uvimbe ambao haujatibiwa, ndiyo maana haachi kuitafuta. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliwapata watu milioni 262 duniani na kuua watu 455,000, na wengi wa waliokufa ni wa nchi kama zetu, ambako ugonjwa huu hautambuliwi mapema na dawa haitolewi ya kutosha.

Kama hofu ni urefu, kweli beklometasoni na ndugu zake huweza kumpunguzia mtoto kimo kidogo, takriban sentimita moja. Pumu iliyoachwa bila tiba nayo humrudisha nyuma kwa ukuaji, na humnyima usingizi na masomo. Kipimo cha inhela ni mikrogramu, kiasi kidogo sana ukilinganisha na kidonge, na kinakwenda moja kwa moja kifuani. Akimaliza asukutue mdomo kwa maji na kutema, asije akapata fangasi mdomoni.

Vidonge vya salbutamol viache. Vinapita tumboni na kuzunguka kwenye damu ndipo vifike kifuani, vinachelewa, na vinaifanya mikono itetemeke na moyo uende mbio. Mtoto aliyebanwa hana muda wa kusubiri safari hiyo.

Wale waliosema nimonia msiwalaumu sana. Kwa mtoto wa miaka 2 dalili hufanana. Ila kifua kinachorudi kila mafua, bila homa kali, kinachozidi usiku, kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi au mwenye mzazi aliyewahi kuugua pumu, hicho kiulizwe vizuri kabla ya amoksilini nyingine. Na kikohozi kilichozidi wiki 2 pamoja na homa za jioni au kupungua uzito kipimwe kifua kikuu. Mtoto aliyeanza ghafla kupiga mluzi kifuani akiwa anakula karanga au anachezea shanga, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, huenda kuna kitu kimeingia njia ya hewa.

Umeniandikia pia, mwishoni mwa barua, kwamba jioni nyumba inafukizwa udi na usiku mnawasha dawa ya mbu ya kuchoma. Dawa ya mbu iacheni kabisa, mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa. Udi wa nyumba ya Kitanga siwezi kuamka tu nikaukataza, na sitaki uingie ugomvi na mama wa mumeo. Mwombe chetezo kiwekwe uani mtoto akiwa hayupo, na madirisha yafunguliwe kabla hajarudi. Jiko la mkaa nalo likae nje. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, godoro lianikwe juani, maana vijidudu vya vumbi hupenda godoro lenye unyevu.

Nina ombi jingine kuhusu bibi. Kliniki ijayo nenda naye. Amsikie daktari kwa masikio yake, aulize yote aliyonayo moyoni. Kisha mpe yeye kazi ya kumsimamia mjukuu inhela ya jioni. Nimewaona mabibi waliokuwa wapinzani wakubwa wakawa ndio wanaomfuata mtoto uwanjani: "Njoo uvute dawa yako, kisha urudi kucheza."

Habari za kazi, dada. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro. Kijana wangu ana miaka 9, ana pumu, anapenda mpira kuliko chakula. Shuleni wamemkataza kucheza na inhela yake imefungiwa ofisini. Nyumbani akibanwa tunampulizia mdomoni lakini naona dawa yote inaishia ulimini. Tumeambiwa tununue spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, bei yake sijaiweza.
*Baba B., Morogoro*

Nzuri, kaka yangu, na pole kwa mahangaiko. Spesa utatengeneza mwenyewe leo. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500, ioshe. Kwenye kitako chake toboa tundu lenye umbo na ukubwa wa mdomo wa inhela; waya uliopashwa moto unatoboa vizuri. Chomeka inhela, ziba pembeni kwa gundi au utepe hewa isivuje. Mtoto anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa, kizibo kikiwa kimetolewa. Usidhani ni dawa ya kimaskini. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti waliowafanyia watoto wa miaka 5 hadi 13 waliobanwa na pumu, na chupa ya namna hii iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Ile isiyozibwa ilikuwa dhaifu zaidi, na kikombe cha plastiki ya povu, nacho kilichojaribiwa, kilishika mkia. Kwa hiyo ziba. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na uiache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, maana dawa itang'ang'ania kwenye plastiki.

Kila mpulizo unatikisa inhela kwanza, unapuliza mara moja, mtoto anavuta na kutoa pumzi mara 5 au 6 polepole akiwa amebana midomo kwenye chupa. Ndipo uende mpulizo wa pili. Watu hupuliza mitatu kwa mkupuo wakidhani wanaharakisha, kumbe inayofika kifuani inapungua.

Akibanwa, mkalishe wima, usimlaze, na watu wasimzunguke. Mpe mipulizo 4 ya salbutamol kwa utaratibu huo, subiri dakika 20, na kama bado, rudia mkiwa njiani kwenda hospitali. Usisubiri hata hizo dakika 20 ukiona ngozi katikati ya mbavu inazama ndani, pua zinapanuka, hawezi kumaliza sentensi, amelegea, au midomo inageuka rangi. Na kifua kilichokuwa kinapiga mluzi kikinyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika, usishangilie, hewa imekaribia kutopita. Wewe usafiri unao mlangoni: mama yake akae nyuma na mtoto katikati, chupa mkononi, aendelee kumpulizia.

Mpira acheze. Mapafu yanahitaji mazoezi, na mtoto wa pumu aliyetibiwa vizuri anakimbia kama wenzake. Apashe mwili moto taratibu kabla ya mchezo, na kama daktari ameelekeza, apate mipulizo yake ya bluu dakika 10 au 15 kabla. Akibanwa kila akicheza, kasoro iko kwenye dawa ya kila siku, rudi kliniki.

Shule naomba uende mwenyewe, uvae vizuri, ukiwa na karatasi ya daktari inayosema mtoto abebe inhela yake. Ofisi ikifungwa na mwenye ufunguo yuko benki, mtoto atafanyaje? Mwonyeshe mwalimu wa darasa jinsi ya kutumia chupa, na umwachie moja. Wengi hukataza kwa woga, hawajawahi kuonyeshwa.

Jambo dogo: kikopo cha kawaida kina mipulizo 200. Akitumia 2 asubuhi na 2 jioni, kinatosha siku 50. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya wino mzito. Kukitikisa kusikia kama kuna kitu hakusaidii, gesi hubaki hata dawa ikiisha.

Assalaam alaykum Bi Muuguzi. Binti yangu ana miaka 13, amebaleghe na anataka kufunga Ramadhani yote. Ana pumu. Ameanza kuficha kubanwa kwake mchana ili asifuturu.
*Mama wa Mombasa*

Waalaykum salaam. Dawa ya kinga, yaani inhela ya kila siku kama ile ya kahawia, ambayo ni mara mbili kwa siku inaingia vizuri katika saa za mfungo: wakati wa futari na wakati wa daku. Mwone daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu pumu isiyotulia si ya kufungia.

Kuhusu inhela ya bluu mchana, wanazuoni wametofautiana kama inabatilisha saumu, na hilo muulizeni sheikh mnayemwamini. Lakini akibanwa avute papo hapo, maswali yaje baadaye. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Mweleze hayo binti yako wewe na baba yake mkiwa pamoja, kwa upole, kabla ya Ramadhani, aone kwamba hakuna atakayemcheka akifungua. Na inhela ya bluu iwe mkobani mwake kila anapotoka, hata akienda tarawehe.