Usifunge mtambo wa upepo kwenye nyumba unayolala

Usitoboe huo ukuta! Umeuliza uchukue mtambo wa umeme wa upepo wenye mapanga matatu au matano, na betri ya aina gani, halafu mwishoni ukagusia kwamba mlingoti utafungwa kwa bolti kwenye ukuta wa chumba cha kulala ili usinunue nguzo. Hapo hapo ndipo nilipoumia.

Wangu ulifungwa kwenye kenchi. Muuzaji aliniapia kwamba vipande vya mpira chini ya bolti vitameza mtikisiko wote. Uongo mtupu! Upepo mdogo, kimya kweli. Ukichanganya, mtetemo wa mapanga na jenereta unashuka na mlingoti, unaingia kwenye kenchi, dari nzima inanguruma. Kulikuwa na mwendo mmoja wa mapanga uliolingana na mtetemo wa paa lenyewe. Ukifika hapo hata vyombo vinalia kabatini. Watoto walikuwa wanahamisha magodoro sebuleni usiku wa manane.

Kilichonimaliza ni kutibu ugonjwa usiokuwepo. Nilibadilisha beringi, nikanunua mapanga mapya, nikaongeza mpira. Pesa ikaisha, ngurumo ikabaki. Ilipita miezi ndipo nikafanya jaribio lisilogharimu kitu: nikasimama nje, nikasikia mvumo wa kawaida tu, nikaingia ndani, nikabandika sikio ukutani, ukuta unaunguruma. Kelele haikuja kwa hewa, ilipita ndani ya nyumba yenyewe. Mpira mwembamba unazuia mtetemo wa haraka, ule mzito wa taratibu unapita kama hakuna kitu. Huyo muuzaji alipaswa kulijua hilo kabla ya kushika pesa yangu.

Mlingoti usiguse nyumba. Usimame kwenye msingi wake, mbali. Kelele ya hewani hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Iliyokwisha kuingia kwenye boriti iko nawe kitandani. Tena upepo wa juu ya paa umevurugika, unayapiga mapanga vibaya, kelele inazidi na umeme unapungua. Yapandishe angalau mita 9 juu ya kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 150.

Kuhusu mapanga, tazama kasi ya ncha kabla ya idadi: ikiongezeka maradufu, kelele hupanda kama desibeli 15. Ndiyo maana betri ikijaa mtambo usiachwe bila mzigo, yaani kitu cha kula umeme wake, utakimbia na kupiga yowe.

Mimi niliung'oa. Matundu ya bolti nimeyaziba mara tatu na bado yanavuja mvua ikinyesha. Kama bolti zako ziko bado kwenye pakiti, zirudishe.