Kiberiti hakipimi bakteria wa sumu kwenye asali

Mdau, umeuliza kama asali yako ya Sikonge, iliyofaulu kipimo cha kiberiti na cha glasi ya maji, ni salama kwa mwanao wa miezi mitano mwenye kikohozi. Usimpe. Vipimo hivyo (mimi hata siviamini sana) vinatafuta asali iliyochakachuliwa kwa maji au sukari. Bakteria unayemhofia, Clostridium botulinum, hukaa humo kama spora zilizolala (bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu), na asali halisi kabisa inaweza kuwa nazo bila kubadilika harufu wala ladha.

Maabara huyeyusha sampuli, huzikusanya spora kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi, kisha huziotesha siku kadhaa pasipo na oksijeni. Ndipo hutafutwa jeni za sumu kwa PCR (kipimo kinachonakili vinasaba mpaka vionekane), au sumu yenyewe kwa kuwadunga panya. Shida ni kwamba spora hazisambai sawasawa; sampuli moja ikitoka safi haikuhakikishii ndoo nzima. Kuchemsha nako hakusaidii, maana zinastahimili maji yanayotokota. Kuziua kunahitaji mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121 hivi, na hapo asali yako imeshaharibika.

Wewe kula tu, na mama anayenyonyesha ale. Utumbo wa mtu mzima hauziachii spora ziote na kutoa sumu, wa mtoto chini ya mwaka mmoja bado haujafika huko. Kama alishalambishwa, angalia kukosa choo, kilio dhaifu, kunyonya kwa shida, kope na shingo kulegea. Ukiona hayo nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uwatajie asali.