Wasomaji Wanauliza: Bahari Inatuhusu Nini Sisi wa Mlimani?

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu watafiti wa bahari wanaofanya kazi katika pwani ya Tanga imeleta barua nyingi kutoka Moshi na Arusha. Nimechagua nne ambazo, kwa maoni yangu, zinagusa mambo ambayo wengine pia walitaka kuyauliza.

Mimi ni mkulima wa mpunga. Katika mkutano wa watumia maji tuliambiwa kwamba lazima tuache maji ya kutosha mtoni ili yafike Pangani na kuingia baharini. Mimi naona maji yakishaingia baharini yamepotea, kwa kuwa huko ni chumvi tupu na hakuna anayeyanywa. Kuna utafiti gani unaoonyesha kwamba bahari inayahitaji maji yetu?
*Mkulima, Mabogini, Moshi Vijijini*

Ndugu mkulima, swali lako ni la haki, na natamani wanaokuja kuhutubia mikutano hiyo wangelijibu kama lilivyo badala ya kulipita kwa amri.

Tuanze na njia ya maji yenyewe. Mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu inayoteremka kutoka Kilimanjaro, pamoja na Themi inayopita katikati ya jiji la Arusha, yote huishia katika Kikuletwa. Kikuletwa hukutana na Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe, katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na kuanzia hapo mto huitwa Pangani hadi unapoingia Bahari ya Hindi. Njiani maji hayo hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu yenye uwezo wa megawati 8, ya Hale yenye megawati 21, na ile ya maporomoko ya Pangani yenye megawati 68. Kwa hiyo maji unayoyafungulia majaruba yako yana wadai wengi kabla hayajaiona bahari, na mdai wa mwisho kabisa ni mtu anayeishi kwenye mlango wa mto.

Mtu huyo hupatwa na nini maji yakipungua? Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu ya mto. Bahari inapojaa, maji ya chumvi hujipenyeza kwa chini, yakifuata sakafu ya mto kuelekea bara, huku maji matamu yakielea juu yake. Mto ukiwa na nguvu huyarudisha, na ukidhoofika, hasa wakati wa kiangazi, chumvi hupanda mbali zaidi, ikaingia katika visima na katika mashamba ya kandokando. Wakulima wa sehemu za chini za Pangani wamekuwa wakililalamikia jambo hili kwa miaka mingi, na minazi yao iliyodhoofika kwa chumvi ndiyo ushahidi wa kwanza waliokuwa nao kabla mtafiti yeyote hajafika na vipimo vyake.

Nilipata kuwaona watafiti wakipima chumvi hiyo wakiwa ndani ya mashua ndogo pale Pangani. Chupa huteremshwa kwa kamba hadi kwenye kina kinachotakiwa, kisha tone moja tu la maji hutiwa juu ya kioo cha kifaa kinachofanana na darubini fupi ya jicho moja. Mpimaji hukielekeza kifaa kwenye mwanga na kuona ndani yake duara lenye buluu juu na weupe chini, na pale rangi hizo mbili zinapokutana ndipo anaposoma kiasi cha chumvi. Maji ya baharini husoma takribani gramu 35 kwa kila kilo moja ya maji, na maji ya mto husoma karibu na sifuri. Kazi hiyo hurudiwa kituo baada ya kituo kuelekea bara, maji yakijaa na yakitoka, masika na kiangazi, na ni kurudia huko kunakochosha ndiko kunakomwezesha mtafiti kusema kwa uhakika kwamba mto ukipungua kiasi fulani, chumvi itafika mahali fulani.

Chumvi si jambo pekee. Kamba wale wakubwa unaowaona wakiuzwa kwa bei ya juu hutaga mayai baharini, lakini watoto wao huingia kwenye milango ya mito na kukulia kati ya mizizi ya mikoko, mahali ambapo maji matamu na ya chumvi yanachanganyika na chakula ni kingi. Mto pia hubeba matope yanayoijenga ardhi ya mikoko, na sehemu ya matope hayo hubaki nyuma ya bwawa. Mto unapofika baharini ukiwa dhaifu, mvuvi hupoteza samaki wa kesho bila kuuona mkono uliowachukua.

Kwa sababu hiyo, katika muongo wa kwanza wa karne hii Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo makao yake makuu yako hapa Moshi, ilishirikiana na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, kufanya tathmini ya mtiririko wa mto mzima. Wataalamu wa mito, samaki, mimea, uchumi na maisha ya jamii waliketi pamoja wakapiga hesabu ya kitakachotokea kwa umeme, kilimo, mabwawa ya asili na mlango wa mto iwapo maji yatagawanywa kwa namna moja au nyingine. Uamuzi wa mgao haukuwa kazi yao, kwa maana huo ni wa wananchi na serikali yao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inataka itengwe akiba ya maji kwa mahitaji ya lazima ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe.

Hata hivyo nakubaliana nawe katika jambo moja. Mzigo wa kuokoa maji usianze kwa mwenye majaruba mawili wakati mifereji mikubwa inavuja na mashamba makubwa yanajichotea. Lilete jambo hilo katika jumuiya yenu ya watumia maji, na udai kuonyeshwa vipimo vya kila mtumiaji. Wazee wa Uchagani waliochimba mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia, walijua vizuri kwamba wa juu akiisha zamu yake hufunga ili wa chini naye apate, na aliyekiuka aliitwa kikaoni. Pangani ni jirani wa mwisho kwenye mfongo huo huo.

Nauza samaki na pweza sokoni Kilombero. Anayeniletea mzigo kutoka pwani ameniambia pweza hakuna kwa sababu wanakijiji wamefunga miamba kwa miezi mitatu, eti wanasayansi wamewashauri. Je, hii ni kweli, au ni njia ya kunipandishia bei?
*Mfanyabiashara, Arusha*

Dada yangu, bei siwezi kumsemea, lakini ufungaji wa miamba upo na una msingi. Umefanyika Pemba na Mafia, na mfano unaotajwa sana ni wa kijiji cha Andavadoaka huko Madagaska, ambako wanakijiji walifunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004 na vijiji vya jirani vikaiga.

Sababu iko katika maisha ya pweza mwenyewe. Pweza wetu wa mwambani huishi takribani mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu tu, na katika muda huo mfupi hukua kwa kasi ya ajabu, hivi kwamba yule aliyekuwa mdogo wa kutia huruma leo anaweza kuwa amezidisha uzito wake maradufu katika kipindi cha mwezi hivi. Jike hutaga mara moja maishani, hujifungia ndani ya tundu lake akiyalinda na kuyapepea mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Mvuvi akimtoa kabla hajataga, amekiondoa kizazi kizima. Miezi michache ya kuuacha mwamba upumzike huwapa wadogo nafasi ya kukua na majike nafasi ya kutaga, ndiyo maana siku ya kufungua akina mama wanaoshuka mwambani wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali kuliko siku za kawaida, hurudi na pweza wakubwa, ambao hupimwa kwenye mizani mmoja mmoja na uzito wao kuandikwa daftarini.

Yapo mapungufu ambayo watafiti wenyewe wanayasema. Watu wakivamia mwamba kwa wingi siku ya kwanza, faida ya miezi mitatu inaweza kuliwa kwa siku chache. Tena dawa hii haimfai kila samaki, kwa kuwa changu mkubwa anahitaji miaka, na miezi mitatu kwake ni kidogo mno. Muulize anayekuletea mzigo tarehe ya kufungua. Mahali ambapo mwamba umefungwa kwa makubaliano, tarehe hiyo inajulikana na kijiji kizima, na asipoweza kukutajia, hapo ndipo uwe na shaka naye.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Watafiti wanawezaje kuhesabu samaki ambao hawatulii? Na je, mtu aliyezaliwa Moshi na asiyejua kuogelea anaweza kuwa mtafiti wa bahari?
*Mwanafunzi, Moshi Mjini*

Marahaba mwanangu. Hawawahesabu samaki wote. Hutandaza utepe, mara nyingi wa mita 50, juu ya mwamba kwa kufuata kina kilekile, kisha husubiri dakika chache ili samaki waliotishika warejee. Mzamiaji mmoja huogelea taratibu akiufuata utepe na kuandika kila samaki anayemwona ndani ya upana uliokubaliwa, aina yake na urefu wake wa kukadiria, na mwenzake anayefuata nyuma huandika kilichopo chini ya utepe, yaani tumbawe lililo hai, lililokufa, mwani au mchanga. Wanaandika kwa penseli ya kawaida juu ya kibao cha plastiki, kwa kuwa penseli huandika hata chini ya maji. Mwaka unaofuata wanarudi na kufanya vilevile.

Thamani ya kurudi huko ilionekana mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyapausha matumbawe katika sehemu kubwa ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ndani ya tumbawe huishi viumbe vidogo sana vya jamii ya mwani vinavyolilisha na kulipa rangi, na maji yakizidi joto lake la kawaida la msimu wa kaskazi kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa, likabaki jeupe na lenye njaa. Huko Tanga, mpango wa usimamizi wa pwani ulioanza mwaka 1994 ulikuwa umewafundisha wanavijiji kukagua miamba yao pamoja na wataalamu, na anayejua mwamba ulivyokuwa jana ndiye anayeweza kueleza ulichopoteza leo.

Wavuvi wa vijiji hivyo ni walimu wa watafiti kwa njia nyingi. Silikanti, samaki ambaye sayansi iliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa na wavuvi wa Tanzania mwaka 2003, na wengi wamepatikana Tanga. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa huko mwaka 2009 kwa jina lake ilitokana na nyavu zao.

Kuhusu kuzaliwa Moshi, hakuna kizuizi. Kuogelea kunafundishika. Kazana na biolojia, kemia na hisabati, kisha ulizia masomo ya sayansi za bahari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar tangu mwaka 1978. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980, nayo inahitaji vijana. Anza na mto ulio karibu nawe.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kwenda Pangani kupanda mikoko 2,000 kwa siku moja. Tupeni ushauri.
*Katibu wa kikundi, Arusha*

Nia yenu naipenda, lakini idadi hiyo inanitia wasiwasi. Mikoko mingi iliyopandwa kwa shangwe duniani imekufa kwa sababu ilichomekwa mahali pasipo pake, kwenye tope linalofunikwa na maji muda mrefu mno au juu ya nyasi za baharini ambazo nazo zina kazi yake. Kila aina ina kiwango chake cha maji: mlilana husimama mbele kabisa ukitazamana na bahari, mkoko wenye mizizi ya magongo hufuata, na mkandaa hupenda upande wa nchi kavu. Mahali maji yanapoingia na kutoka vizuri, na mikoko mikubwa ipo karibu, miche huota yenyewe.

Huko Gazi, pwani ya Kenya, mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa ajili ya hewa hiyo inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu uliokuwepo tayari, uliolindwa.

Kwa hiyo andikieni kwanza serikali ya kijiji na Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa mikoko ni msitu wa hifadhi na hairuhusiwi kuguswa bila idhini. Ombeni kwenda siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka, mtembee na mtu wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ambacho wavuvi hukiita BMU, awaonyeshe palipokatwa na panapoota penyewe. Kama atawaambia hapahitaji kupandwa, muulizeni ni nani anayeulinda msitu huo na anapungukiwa na nini, iwe ni mafuta ya boti au viatu vya matopeni, na fedha za miche zipelekeni huko.