Meza ya pool imeshaingia ndani, sasa ninunue nini kwanza?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimepata meza ya pool ya futi 7, imetumika ila bado nzima, shida imekuja tupu, haina mpira wala fimbo. Dukani wameniandikia orodha ndefu balaa, fimbo nne, glavu, taa, kava, chaki za rangi tofauti, mpaka kichwa kinauma. Hela haitoshi kununua vyote. Nianze na nini? Halafu upande mmoja ukuta uko karibu na meza.

JIBU: Hongera sana ndugu yangu. Hiyo orodha iweke pembeni kwanza, chukua rula uende kupima mdomo wa shimo la kona, maana kabla hujajua meza yako ni ya aina gani chochote utakachonunua ni kubahatisha. Ukikuta umezidi sm 11 hiyo ni ya Kimarekani, mipira yake ni mm 57. Ukikuta kama sm 8 au 9 hivi basi ni ile ya Kiingereza, ya mipira myekundu na ya njano, na mara nyingi inatumia ya mm 51. Ya snuka, mchezo mwingine wa fimbo unaochezwa kwenye meza yake, nayo ni mm 52.5. Kwa macho unaona kama tofauti ni ndogo tu lakini ubavu wa meza, ile sehemu yenye raba, umefungwa kwa kimo kinachoendana na mpira wake, sasa ukiweka mkubwa kuliko unaotakiwa unagongwa chini ya pale panapofaa unaanza kurukaruka, na kwenye mashimo madogo unaingia kwa shida.

Ukishajua saizi, hela yako nyingi weka kwenye mipira, na hapa nasisitiza kweli, usikimbilie fimbo ya kung'aa. Uliza kama ni ya resini ya fenoli au poliesta, hizo ni aina mbili za plastiki. Ya poliesta ni rahisi lakini inachubuka na kuchakaa mapema, na mweupe ndio unaotangulia kwa sababu ndio unaopigwa kila zamu, ukishapungua unakuwa haulingani na wenzake na mchezo unaharibika bila nyie kujua kwa nini. Ya fenoli inadumu miaka, kama ile ya Aramith inayotengenezwa Ubelgiji.

Fimbo nne za nini? Mnacheza wawili, nunua mbili nzuri na moja fupi. Fimbo ya kawaida ina kama sm 147. Meza ya futi 7 ya Kimarekani sehemu ya kuchezea ni karibu sm 99 kwa 198, sasa jumlisha fimbo kila upande na kama sm 15 za kuvuta mkono nyuma, unapata chumba cha mita 4.2 kwa 5.2 hivi. Kama ukuta unakubana hiyo fupi ya sm 122 ndio itakuokoa, usikubali kupiga umeinua fimbo juu kama unatwanga, utachana kitambaa. Dukani ishike fimbo uitazame kwa jicho moja kutoka kitakoni mpaka mbele huku unaizungusha, ikipinda utaona. Angalia na kile kingozi cha mbele, cha kubandika kwa gundi ni kizuri kuliko cha kufunga kwa skrubu, na kwa mipira ya mm 57 kiwe kama mm 12 au 13. Vyembamba vya mm 9 au 10 ni vya snuka.

Chaki, brashi ya kitambaa, kava. Hivyo usiache, na havili hela nyingi. Chaki ipake kwa kupitisha juu juu, usiizungushe kama unatoboa. Taa ikifika zamu yake iwe ndefu kidogo, ining'inie katikati ya meza sm 80 mpaka 90 kutoka kwenye kitambaa ili vivuli visisumbue. Glavu subiri.

SWALI: Kaka, vijana wangu wanacheza kila jioni, fimbo mbili zimeshapinda na kitambaa kimeota vidoa vyeupe. Nimeosha havitoki.

JIBU: Pole dada yangu, havitatoka. Ni alama za kuungua, mpira mweupe ukipigwa kwa nguvu wakati wa kufungua, yaani mpigo wa kwanza wa mchezo, unasuguana na kitambaa mpaka unakiunguza. Waambie waubadilishe sehemu kidogo kila wanapofungua, na mipira waioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo waifute mpaka ikauke, vumbi la chaki likiganda juu yake linakwangua kitambaa. Fimbo bila shaka zinaegemezwa ukutani usiku kucha, ndio maana zimepinda. Nunua stendi ya kuzisimamisha wima, iwe mbali na dirisha lenye jua.

SWALI: Meza yangu ni ya snuka, naweza kutumia pembetatu ya pool, ile fremu ya kupangia mipira?

JIBU: Hapana kaka. Ya mipira ya mm 57 inakuwa pana kwa myekundu yako 15, itaachana, na isipogusana vizuri kufungua kunakuwa kwa bahati nasibu. Tafuta ya saizi yako, na ukiwa huko dukani chukua na brashi, kitambaa cha snuka kina manyoya yanayolala upande mmoja, kisugue kuanzia upande wa kufungulia kuelekea kwenye mpira mweusi, usirudishe.