Anzeni na mdomo wa mtaro: kwa wahandisi wapya wa maji ya mvua

Mhandisi anayeanza kazi katika halmashauri zetu kwa kawaida hukabidhiwa barabara na kutakiwa aichoree mitaro, naye huanza kuchora pale barabara inapoanzia. Nawashauri muanze kule maji yatakakomwagikia, kisha mpande nayo kuelekea juu, kwa maana kimo cha mdomo ndicho kinachoamua mteremko, na mteremko ndio unaoamua mengine yote.

Kwa Dar es Salaam jambo hili lina uzito wa pekee, kwani maji mengi ya mji huishia baharini, na bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita meta 3. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mtaro ambao mdomo wake umezama haumwagi kitu, hata kama hesabu za upana na kina chake zilikuwa sahihi. Kwa hiyo someni jedwali la maji ya bahari kabla ya kuchagua kimo cha mdomo, na pale usipoweza kuinuliwa, tengeni eneo la kuhifadhi maji kwa zile saa chache za kungoja bahari ipwe. Lango la mdomoni linalojifunga lenyewe bahari ikijaa husaidia, ingawa binafsi siliamini sana mahali penye mchanga na chupa za plastiki, kwa sababu chupa moja ikikwama linabaki wazi.

Kuhusu kiasi cha maji, kanuni ni ile mliyofundishwa: mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywea ardhini), mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa hekta, gawanya kwa 360. Hekta 10 zenye bustani na udongo wazi, mgawo ukiwa 0.35 na mvua ikiwa milimita 100 kwa saa, hutoa takribani meta za ujazo 0.97 kwa sekunde. Eneo hilo hilo likijaa mabati, lami na zege, mgawo ukafika 0.8, hutoa 2.2. Basi msikadirie mtaa kama ulivyo leo, bali kama utakavyokuwa viwanja vyote vikishajengwa.

Vilevile, mwelezeni diwani kwa usahihi maana ya mvua ya miaka 25. Haina ahadi ya kungoja robo karne. Kila mwaka ina uwezekano wa asilimia 4, na katika kipindi cha miaka 25 uwezekano wa kuipata walau mara moja ni kama asilimia 64.

Mchanga nao unahitaji hesabu yake. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu ukiwa umebeba udongo, na ukifika bonde la Jangwani, ambako mteremko ni mdogo, huutua hapo, hivyo kina cha mto hupungua na maji huenea. Mitaro yenu midogo hufanya vivyo hivyo mwendo wa maji unaposhuka chini ya takribani meta 0.7 kwa sekunde. Wekeni mashimo ya kunasia mchanga mahali lori linapofika, na mfuniko ambao watu wawili wanaweza kuuinua. Mfuniko unaohitaji winchi hautafunguliwa hadi mafuriko yajayo.

Kabla ya kuchora lolote, tembeeni eneo zima siku moja baada ya mvua. Tazameni mstari wa tope kwenye kuta na mifuko iliyonasa kwenye uzio, mpime vimo vyake, kisha muulizeni mama lishe wa pale maji yalifika wapi na yalitokea upande gani. Mara nyingi atawaonyesha karavati lililozibwa ambalo halimo kwenye ramani yenu.

Hatimaye, kwenye kila mchoro onyesheni kwa mshale njia ya maji yatakayofurika mtaro ukishazidiwa. Barabara iliyoshushwa kidogo katikati ya mawe ya kingo inaweza kuyapitisha hadi uwanja wa mpira, mradi sakafu za nyumba za pembeni ziko juu ya kimo hicho, na kimo hicho kiandikwe kwenye kibali cha ujenzi cha kila kiwanja kinachopakana na njia hiyo.