Usifuate jua la Kisumu: ratiba ya taa kwa anayeanza akwaria ya mimea

Swali ninaloulizwa na kila anayenunua tangi lake la kwanza ni hili: taa niwashe masaa mangapi? Na mara nyingi anayeuliza amekwisha kujijibu. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua la Kisumu huchomoza na kutua kwa karibu masaa kumi na mbili Januari hadi Desemba, na mimea yenyewe ni ya nchi za joto. Basi masaa kumi na mbili, sivyo?

Sivyo. Mimi nilianza hivyo hivyo, na tangi langu la lita 65 likageuka bwawa la ng'ombe.

Mmea ulio ziwani au mtoni haupati jua kali masaa hayo yote. Asubuhi na jioni miale huja imelala, sehemu kubwa yake inateleza juu ya maji. Kuna mawingu, kuna matope, kuna mti wa ng'ambo unaotia kivuli. Anubias, kwa mfano, asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, na huota kando ya vijito vyenye kivuli. Taa yako ya LED haina asubuhi wala jioni. Ukiiwasha ni adhuhuri, na inabaki adhuhuri hadi uizime.

Jambo la pili ni chakula. Mmea hutumia mwanga kusanisi chakula chake, lakini unahitaji pia kaboni dioksidi na madini. Sisi wengi hatuna mtungi wa gesi hiyo. Kaboni iliyopo ni ile inayotokana na pumzi ya samaki, bakteria na uchafu unaooza, pamoja na kidogo kinachoingia kutoka hewani. Ikipungua, mmea unapunguza kasi hata ukiongeza taa. Anayefaidi mwanga uliobaki ni mwani, ule ukijani unaopaka kioo na kuchafua maji, maana yeye anaridhika na makombo.

Kwa hiyo tangi jipya lianze na masaa sita. Kaa hapo wiki tatu au nne, mimea ishike mizizi. Ukiona majani mapya na kioo hakipakwi kijani kila baada ya siku mbili, ongeza nusu saa, subiri wiki, tazama tena. Tangi lisilo na mtungi wa gesi likifika masaa manane limeshiba. Mwani wa kahawia wa wiki za mwanzo, ule unaofutika kwa kidole, usikutie wasiwasi ukaanza kuchezea taa. Huo huja na matangi mapya na kwa kawaida huondoka wenyewe.

Sasa taima, kifaa cha soketi kinachowasha na kuzima taa chenyewe. Hapa ndipo nilipolipa karo.

Ile taima ya kuzunguka ina vijino 96 pembeni, kila kimoja robo saa, na namba 1 hadi 24. Nilitaka taa iwake saa kumi alasiri na kuzima saa nne usiku, masaa sita barabara. Nikabonyeza vijino kuanzia 10 hadi 4. Nikapanda matatu kwenda Kakamega kwa matanga, wiki nzima. Taima haijui Kiswahili: 10 yake ni saa nne asubuhi, na 4 yake ni saa kumi alfajiri. Taa ikawa inawaka masaa kumi na manane kila siku. Niliporudi maji yalikuwa kama mrenda uliosahaulika jikoni, samaki nawasikia tu wakipiga uso wa maji. Kwa hiyo andika kwenye karatasi kwanza: saa kumi alasiri ni 16, saa nne usiku ni 22. Ibandike karatasi hiyo ukutani karibu na soketi.

Kasoro yake ya pili ni stima. Ikipotea, taima hii husimama, na ikirudi inaendelea pale ilipoachia. Kukatika kwa masaa matatu Jumanne kunafanya taa ya saa kumi iwake saa moja usiku na kuzima saa saba, wewe umelala. Zikija kukatika tatu nne kwa wiki, ratiba yako imeshahama mtaa. Taima ya kidijitali yenye betri ndani hukumbuka saa. Ukiweza, nunua hiyo. Kama huna, fanya kama mimi: kila Jumapili jioni linganisha namba ya taima na ya simu.

Stima ikipotea siku nzima, usilipize kesho yake kwa masaa kumi na manne. Siku moja ya giza haiui mmea. Hofia pampu ya hewa iliyosimama, hasa usiku, maana gizani mimea nayo inavuta oksijeni pamoja na samaki.

Kuhusu saa ya kuanzia, panga kwa faida yako. Mmea haujali siku yake ianze alasiri, mradi ianze wakati ule ule. Unatoka kazini saa kumi na moja, utazame tangi saa ngapi kama taa inazima saa kumi? Wapo wanaogawa mara mbili, kwa mfano saa kumi na mbili unusu hadi saa mbili unusu asubuhi, halafu saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku, jumla masaa saba. Wanasema katikati kaboni hujikusanya upya. Kwa tangi lisilo na mtungi hoja hiyo ina mantiki, ila mimi nimeipenda kwa sababu nyepesi zaidi: nakunywa chai nikiwatazama samaki wangu wa gapi kabla ya kwenda stendi.

Usisahau dirisha. Jua la alasiri likipiga kioo masaa mawili, hayo yahesabu kwenye ratiba, tena ni makali kuliko taa yoyote, na joto la Kisumu halihitaji kuongezewa. Rafiki yangu wa Nakuru ananicheka kwa hili. Kwake baridi ya usiku ndiyo tatizo. Sogeza tangi lisipigwe na jua, au weka pazia.

Na kama mwani unaota hata kwa masaa sita, tatizo huenda ni ukali wa taa. Nimeona mtu amefunga taa ya usalama, ile ya kumulika geti, juu ya tangi la sentimita 60. Inua taa, au weka mimea ya kuelea ipunguze mwanga. Lakini usiende kuichota ziwani: majani ya huko huja na konokono, na wapo konokono wa Ziwa Victoria wanaobeba kichocho. Nunua kwa mfugaji wa samaki au omba kwa mwenzako.

Ukishazoea, mimea itakwambia yenyewe. Limnophila hufunga vichwa vyake jioni kama mwavuli, wakati mwingine hata taa ikiwa bado inawaka. Wangu ulikuwa ukifunga mnamo saa tatu unusu, taa ikiendelea hadi saa nne unusu. Nikakata ile saa moja ya mwisho, na tangu hapo kioo nakikwaruza mara moja kwa wiki mbili.