Imetafsiriwa, imetoholewa au imechota?

SWALI: Katika uchambuzi wangu wa filamu za kutisha za zamani niliandika hivi: "Murders in the Rue Morgue ya 1932 imetafsiriwa kutoka hadithi ya Edgar Allan Poe, na Bela Lugosi alipigwa vizuri na Karl Freund." Mhariri amekata sentensi nzima bila maelezo. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Nianze na hilo la mwisho, maana limenichekesha. Ulivyoandika, Freund alimkamata mwigizaji Lugosi akamtandika. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga picha. Ukidondosha jina linalofuata kitenzi, kinachobaki ni kipigo. Freund alikuwa mpiga picha, tena hodari. Basi sema Lugosi "alipigwa picha", au, bora zaidi, mwambie msomaji kamera ilifanya nini. Katika filamu hiyo kuna msichana anayebembea, na kamera nayo ikapandishwa bembeani. Maneno matatu yanatosha: kamera inabembea naye.

Sasa "imetafsiriwa". Poe aliandika kwa Kiingereza mwaka 1841, na filamu inazungumza Kiingereza hichohicho. Kilichotafsiriwa ni kipi?

Wengi hapo hukimbilia "imetoholewa". Ni neno zuri, ila tazama linavyofanya kazi kwenye msamiati. Tulipotohoa Schule la Kijerumani tulipata "shule": limevaa kanzu ya Kiswahili, lakini Mjerumani akilisikia analijua ni lake. Filamu ya Kijerumani Nosferatu ya 1922 ndivyo ilivyo. Dracula kaitwa Orlok, mambo ya Uingereza kahamishiwa Ujerumani, na bado mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula, akaitambua mali ya marehemu mumewe. Akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Hiyo imetoholewa.

Ya kwako ni habari nyingine. Kwa Poe, Dupin ni bwana anayefumbua mauaji kwa kufikiri tu, na muuaji ni orangutani aliyemtoroka baharia. Kwenye filamu Dupin ni mwanafunzi wa udaktari, na mbaya wetu ni Dk. Mirakle, anayewadunga wanawake damu ya sokwe. Poe hakumwandika mtu huyo. Kilichosalia ni maiti iliyosokomezwa kwenye dohani, na mashahidi wanaogombana sauti waliyoisikia ilikuwa ya lugha gani (kwa kazi yangu hii, ningetamani ugomvi huo uendelee hadi mwisho wa filamu). Hapo ningesema filamu "imechota" kwa Poe. Mchotaji huchukua kata yake, mtungi akauacha ulipo. "Imetokana na" pia inafaa ukiwa na haraka. "Imejengwa juu ya hadithi" niachie mbali. Kila nikiisoma nasikia Kiingereza kikikohoa nyuma ya mlango.

Utauliza, na The Black Cat ya 1934 je? Hadithi ya Poe ni ya mlevi aliyemuua mkewe na kumzika ukutani. Filamu ni ya mahasimu wawili ndani ya jumba la kisasa huko Hungaria, lililosimama juu ya magofu ya ngome ya vita. Hiyo hata haikuchota. Imeazima jina.

Mrudishie mhariri hivi: "Murders in the Rue Morgue ya 1932 imechota kwenye hadithi ya Edgar Allan Poe, na Bela Lugosi kapigwa picha na Karl Freund kwa ustadi mkubwa." Akikata tena, muulize sababu.